Daraja la Mwasha Taa

Waraka uliletwa Jumatatu, umekunjwa mara mbili,
una muhuri, una sahihi, una doa la chai:
orodha ya wafanyakazi wa nusu siku ihuishwe,
kila kazi ipewe jina, kila jina daraja,
kila daraja shilingi zake,
kabla ya tarehe thalathini.

Nikatupiwa mimi, Shekuwe wa meza ya nyuma,
chini ya feni isiyozunguka.
(Nami ni wa nusu siku. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili.
Karani, asubuhi tu. Tumbo langu ni la siku nzima.)

Orodha ya zamani naifunua kwa kidole chenye mate.
Yanuka mende.
Mshika panya: daraja la tano.
Mpiga tapureta: la saba.
Mwasha taa za barabarani: la sita,
pamoja na posho ya utambi na mafuta.
Wenyewe wameshatangulia mbele ya haki,
vyeo vyao vingali vimekaa
kama viti vya arusi vilivyosahauliwa uwanjani.
Panya wapo.
Aliye hai ndiye hana mstari.

Tsuma wa ufuo wa umma,
Jumamosi, Jumapili na sikukuu,
filimbi shingoni, boya begani:
faili lamwita mlinzi.
Shebwana, alindaye viti vya ukumbi kule Tononoka,
naye ni mlinzi.
Daraja moja, ujira mmoja.
Idi iliyopita Tsuma alitoa watoto wawili majini,
mmoja bado kang'ang'ania mfuko wake wa mabuyu.
Nikamwendea mkubwa wangu:
Bwana, kiti hakizami.
Akanitazama. Akakohoa.
"Andika sababu," akasema, "kwa nakala tatu."
Nimeandika.
Kiti hakizami.
Kiti hakizami.
Kiti hakizami.

Nyamvula nilimfuata mwenyewe Marikiti
kwa kuwa fomu yake ilirudi tupu.
Maelezo ya kazi: mstari mmoja, wa nukta nukta.
"Hapa pembamba hivi," aliniuliza, "niingize nini?"
Maganda ya ndizi. Vichwa vya nguru. Maji ya buchari.
Mchele uliomwagika, huuokota kwanza, ana kuku nyumbani.
Ufagio wake ni wa chelewa
na haujachelewa hata siku moja.
Aanza saa kumi alfajiri, atoka saa mbili:
saa nne, zalipwa tatu.
Ya kwanza, wasema, ni giza,
na gizani hakuna msimamizi wa kushuhudia.

Nikamsomea orodha, angalau acheke.
Kwa mshika panya alicheka.
Kwa mwasha taa, ufagio ukasimama.
"Huyo apata daraja gani?"
La sita. Na utambi.
"Na yuko wapi?"
Hayuko.
"Basi niandike mimi hapo.
Saa kumi pale sokoni ni mimi na giza,
nami nikiondoka, kumekucha."

Leo ni tarehe ishirini na tisa.
Kifungu cha nne nimekisoma mpaka macho yakawasha:
hairuhusiwi kubuni cheo kipya;
kilicho wazi, na kijazwe.
Nje muuza kahawa agonganisha vikombe vyake,
mkubwa ameshakwenda kuswali,
na kalamu, mara hii, haikukwama.

Nyamvula Dzombo. Mwasha taa. Daraja la sita.
Posho ya utambi: ndiyo,
maana hakuna waraka ulioifuta.

Mstari wangu sijaugusa.
Mganga hajigangi; karani naye hajipandishi.
Tsuma bado yuko ndani ya nakala tatu,
na mwezi ujao kuna sikukuu.

Mkaguzi akija, atauliza:
taa gani, na mji huu wote una umeme?
Msibishane naye.
Mwambieni aje saa kumi.